Chupa ya maji moto: Pasha kitanda, si mwili

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, wakazi wa Nairobi, Limuru, Nyahururu, Kericho, Eldoret na sehemu nyingine za nyanda za juu hukabiliwa na tatizo moja usiku unapoingia. Nyumba zetu hazikujengwa kwa ajili ya baridi. Kuta ni za mawe au mabati, sakafu ni ya simiti, na ni nyumba chache mno zilizo na mitambo ya kupasha vyumba joto. Katika miezi hiyo kipimajoto jijini Nairobi mara nyingi hushuka usiku hadi kati ya nyuzi 10 na 13 za Selsiasi, na sehemu zilizoinuka zaidi huwa baridi kuliko hapo. Mtu akiingia kitandani huhisi kana kwamba shuka zimetoka kwenye kamba ya nguo kabla ya kukauka.

Ndiyo sababu chupa ya mpira ya maji moto inapatikana leo katika nyumba nyingi za mjini. Huuzwa kwenye maduka ya dawa, kwenye maduka makubwa na hata barabarani, ikiwa imevishwa kifuko cha kitambaa laini chenye rangi za kupendeza. Bei yake si ya kutisha, haitumii umeme usiku kucha, na mtoto wa shule pia anajua kazi yake.

Hata hivyo, sisi madaktari tunaotibu familia huwaona wagonjwa walioungua kwa sababu ya chupa hizi kila msimu wa baridi. Baadhi yao waliungua chupa ilipopasuka. Wengine waliungua polepole wakiwa usingizini, na chupa ikiwa nzima kabisa. Hawa wa pili ndio hushangaa zaidi, kwani hawakuhisi chochote. Makala haya yanaeleza ni kwa nini jambo hili hutokea, na namna ya kupata joto bila kujiumiza.

Jiko ni hatari kubwa zaidi

Kabla ya kuzungumzia ubaya wa chupa, ni vyema tuseme wazi kwamba chupa ni bora mara nyingi kuliko jiko la makaa ndani ya chumba cha kulala. Wako watu ambao huwasha jiko nje, wakasubiri moshi uishe na makaa yaive vizuri, kisha wakaliingiza chumbani na kufunga madirisha. Huamini kwamba bila moshi hakuna hatari.

Imani hiyo imeua watu wengi. Makaa yaliyoiva yanaendelea kutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu wala haiwashi macho. Ukiivuta, hushikamana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inabaki ikizunguka mwilini lakini haibebi tena oksijeni ya kutosha. Mtu aliye macho huumwa na kichwa, huhisi kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Aliyelala hapati hata onyo hilo. Usingizi wake hugeuka kuwa kupoteza fahamu, na mara nyingi familia nzima hupatikana asubuhi katika chumba kimoja.

Kwa hivyo, ikiwa umekuwa ukilala na jiko na sasa unataka kuliacha ununue chupa, umefanya uamuzi wa busara. Sasa jifunze kuitumia.

Joto lisilochoma huunguza

Watu wengi hufikiri kwamba kitu kisichokuchoma unapokigusa hakiwezi kukuunguza. Ukweli ni kwamba ngozi huharibika kutokana na mambo mawili yanayokwenda pamoja: ukali wa joto, na muda ambao joto hilo linakaa mahali pamoja.

Mnamo 1947 watafiti wawili nchini Marekani, Moritz na Henriques, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu jambo hili, na mpaka leo madaktari wa majeraha ya moto huyategemea. Maji yaliyo na joto la nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima vibaya katika muda wa sekunde 5 hivi. Joto likiwa nyuzi 50, huchukua dakika chache. Lakini hata nyuzi 44 pekee, ambazo mkono wako unaweza kuvumilia na hata kufurahia, huharibu ngozi zikikaa mahali pamoja kwa muda wa saa 6 hivi.

Saa 6 ni usiku mmoja wa kawaida wa mfanyakazi wa mjini. Tazama basi kinachotokea. Unaingia kitandani na chupa, unaiweka miguuni au ubavuni, unajifunika blanketi mbili. Blanketi hizo zinazuia joto lisitoke. Wewe umelala, hugeuki sana kwa sababu ya uchovu, na uzito wa mguu wako unakandamiza mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi. Kwa kawaida damu inayopita ndiyo huondoa joto la ziada. Inapobanwa, joto linabaki pale pale na kuendelea kuivisha ngozi. Asubuhi unaamka na lengelenge au alama nyekundu, na unashindwa kujua limetoka wapi.

Jeraha la namna hii huweza kuwa na kina kirefu kuliko linavyoonekana kwa nje. Wengine hulidharau kwa wiki moja au mbili wakidhani ni upele, kumbe nyama iliyo chini imekufa.

Walio katika hatari zaidi

Mtu mwenye afya njema huwa na kinga moja ya asili: maumivu. Ngozi ikianza kuungua, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, naye mtu hugeuka hata akiwa usingizini. Wako watu ambao habari hizo haziwafikii, au huwafikia wakiwa wamechelewa.

Wa kwanza ni wagonjwa wa kisukari. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu, hasa ya miguu. Mgonjwa huanza kuhisi ganzi au kuwashwa kwenye nyayo, na baadaye huweza kukanyaga msumari asijue. Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wao hulalamika kwamba miguu yao ni baridi, na hivyo ndio wanaopenda chupa ya maji moto kuliko watu wote.

Nakumbuka mama mmoja mwenye umri wa miaka sitini na kitu, aliyeletwa kwenye kliniki na binti yake. Binti alikuwa amemnunulia mama chupa hiyo kwa nia njema, kwa kuwa kila usiku mama alilia baridi ya miguu. Mama hakuja kwa sababu ya maumivu. Alikuja kwa sababu soksi yake ilikuwa imelowa. Tulipoivua, tulipata kidonda kisigino kizima. Aliniambia, "Daktari, mimi hata sikuhisi moto. Nilikuwa nikiona inapoa upesi, ndipo nikawa naongeza maji." Ilichukua miezi kadhaa ya kusafisha na kufunga kidonda hadi kikapona, na tulishukuru kwamba mguu haukukatwa. Kwa mgonjwa wa kisukari, kidonda kidogo cha mguu ndicho mara nyingi huwa mwanzo wa safari ya kukatwa mguu.

Wengine wanaostahili tahadhari ni hawa:

Wazee, kwa kuwa ngozi yao ni nyembamba na hisia zao zimepungua.

Waliopooza upande mmoja baada ya kupata kiharusi, au walioumia uti wa mgongo.

Waliolewa pombe na waliomeza dawa za usingizi. Hawa hawageuki wala kuamka.

Akina mama waliotoka kujifungua kwa upasuaji baada ya kudungwa sindano ya ganzi mgongoni. Mpaka hisia za miguu zirudi kikamilifu, asiwekewe chupa.

Watoto wachanga. Hawa nitawazungumzia peke yao hapa chini.

Watu hawa wote wanaweza kulala kwenye kitanda kilichopashwa joto. Wasilale na chupa yenyewe.

Maji yachemke, kisha yapoe

Kosa la kawaida ni kumimina maji ndani ya chupa yakiwa bado yanatokota. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa Nairobi iko juu, maji yake hayachemki kwa ukali kama ya Mombasa. Ni kweli kwamba maji ya Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100, ilhali Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Lakini tumeona kwamba nyuzi 60 zinatosha kukuunguza kwa sekunde chache. Nyuzi 94 zikikumwagikia mapajani hazitakungoja uinuke.

Isitoshe, maji yanayotokota huchakaza mpira haraka, na mvuke wake hupanda na kuunguza mkono ulioshika shingo ya chupa. Fuata hatua hizi:

1. Chemsha maji, kisha zima moto na uyaache kwenye birika kwa dakika 5 au zaidi.

2. Shika chupa kwa shingo ikiwa imesimama wima, juu ya sinki au beseni. Usiiweke mapajani wala usimpe mtoto akushikie.

3. Mimina polepole hadi theluthi mbili tu ya chupa. Chupa iliyojaa hadi juu hupasuka kwa urahisi ikilaliwa.

4. Toa hewa iliyobaki kwa kubana mbavu za chupa taratibu mpaka uone maji yakikaribia mdomo wake. Hewa hiyo ndiyo huvimbisha chupa na kusukuma kizibo.

5. Kaza kizibo barabara, kisha igeuze chupa kichwa chini juu ya sinki utazame kama inavuja.

6. Ivishe kifuko chake au uizungushie taulo. Mpira mtupu usiguse ngozi.

7. Iweke chini ya blanketi dakika 20 hadi 30 kabla ya kulala, mahali miguu itakapokuwa.

8. Unapoingia kitandani, itoe.

Hatua ya nane ndiyo wengi hukataa. Wanauliza, "Daktari, sasa faida yake ni gani nikiitoa wakati ndipo ninapoihitaji?" Jibu ni kwamba mwili wako wenyewe ni jiko linalowaka usiku na mchana kwa nyuzi 37. Kinachokusumbua ni shuka baridi, ambazo zinanyonya joto lako kwa dakika nyingi kabla hazijapata joto. Zikiwa zimekwisha kupashwa, mwili wako na blanketi hutosha mpaka asubuhi.

Tena kuna faida ya usingizi. Mnamo 1999, watafiti wa mjini Basel, Uswisi, waliandika katika jarida la Nature kwamba watu ambao mishipa ya damu ya miguu na mikono yao imetanuka, yaani miguu na mikono yao ina joto, hupatwa na usingizi haraka. Sababu ni kwamba ili ulale, joto la ndani ya mwili sharti lishuke kidogo, nalo hutokea kupitia miguu na mikono. Ukiipasha miguu kabla ya kulala umeusaidia mwili. Ukiendelea kuipika usiku wote, utaamka saa nane ukitokwa na jasho.

Chupa huzeeka

Mpira huharibika kwa umri, kwa joto, kwa mwanga wa jua na hata kwa hewa, ikiwa unatumiwa au la. Tazama shingoni au begani mwa chupa yako. Chupa nyingi huwa na alama ya ua lenye petali 12. Tarakimu zilizo katikati ya ua ni mwaka ambao chupa ilitengenezwa, kila petali ni mwezi, na vitone vilivyo ndani ya petali ni wiki. Inashauriwa chupa isitumiwe zaidi ya miaka miwili. Kwa hivyo tazama ua hilo dukani kabla ya kulipa, kwani chupa inaweza kuwa imezeekea rafuni.

Kila unapoitumia, ikunje kidogo na uikague kwenye mishono na karibu na shingo. Ikiwa imepauka, imekuwa ngumu au ina nyufa ndogo, itupe. Usiizibe kwa gundi ya pancha. Msimu wa baridi ukiisha, mwaga maji yote, ianike kichwa chini kizibo kikiwa wazi, kisha uihifadhi mahali penye kivuli bila kuiwekea vitu vizito juu yake.

Vipi kuhusu chupa ya plastiki ya soda? Wengi huitumia kwa sababu haina gharama. Plastiki hiyo ilitengenezwa kwa vinywaji baridi. Huanza kulegea joto linapokaribia nyuzi 75, hujikunja, na kifuniko hakishiki tena. Chupa ya kioo nayo hupasuka inapopata maji moto ghafla. Zote mbili hazifai kitandani.

Kwa wale wanaotumia mifuko ya maji inayopashwa kwa umeme, kanuni ni fupi: iche hadi utakapoichomoa kwenye soketi, ndipo uiweke kitandani. Usiilalie wala kuikumbatia ikiwa bado imeunganishwa na umeme, na usiitumie ikiwa imevimba au inavuja.

Mtoto mchanga

Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba na huungua kwa muda mfupi kuliko ya mtu mzima. Hawezi kujigeuza, na kilio chake hufikiriwa kuwa cha njaa. Vilevile, joto la kupita kiasi ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya mtoto kufariki ghafla usingizini. Usimlaze kamwe kando ya chupa ya maji moto, hata ikiwa imefungwa kwa leso tatu. Unaweza kupasha kitanda chake, lakini itoe chupa, kisha gusa shuka kwa upande wa ndani wa mkono wako kabla ya kumlaza.

Ikiwa mtoto amezaliwa kabla ya wakati au ana uzani mdogo, joto bora kwake ni kifua cha mama. Njia ya kumfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ilianzishwa na madaktari wa Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mnamo 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ianzishwe mara tu mtoto kama huyo anapozaliwa. Baba pia anaweza kumbeba vivyo hivyo.

Usifunike ugonjwa

Joto la chupa hupunguza maumivu ya hedhi na ya misuli ya mgongo iliyokaza. Litumie kwa dakika 15 au 20 ukiwa macho, juu ya nguo, kisha uitoe. Lakini tumbo linalouma kwa mara ya kwanza, hasa upande wa kulia chini, pamoja na homa au kutapika, lisikandwe kwa chupa. Huenda ni kidole tumbo, na kila saa unayopoteza inaongeza hatari. Vilevile, mtu anayetetemeka kwa baridi chini ya blanketi tatu, ilhali wengine nyumbani hawasikii baridi hiyo, anahitaji kupimwa malaria, hasa ikiwa ametoka safari ya Pwani au Nyanza. Chupa itamliwaza huku ugonjwa ukiendelea.

Ukiungua

Mwagilia sehemu iliyoungua maji baridi ya mfereji yanayotiririka kwa dakika 20. Mahali ambapo mfereji umekauka, mimina maji safi kutoka kwenye mtungi kwa kikombe, bila kukoma. Vua pete, bangili na nguo zilizolowa maji moto, isipokuwa zile zilizoganda kwenye ngozi. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia, yai, asali wala unga. Vitu hivi huzuia joto lisitoke, huleta uchafu na humfanya daktari ashindwe kuona jeraha. Barafu pia isitumiwe. Usipasue lengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi na uende hospitali ikiwa jeraha linazidi ukubwa wa kiganja cha aliyeungua, au liko usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo. Mtoto, mzee na mgonjwa wa kisukari waende hata kama jeraha ni dogo kama shilingi.

Usiku wa leo, kabla ya kuweka birika jikoni, tazama lile ua lililo shingoni mwa chupa yako. Na kama una mzazi anayeishi peke yake kule Kinangop au Molo, mpigie simu umwulize mambo mawili: analala na nini chumbani, na je, nyayo zake zinahisi? Tahadhari kabla ya hatari.